Mkunjo Katika Ramani ya Wana wa Nuhu

Jumatatu, 3 Februari

Fremu sita leo. Nne za mahafali, moja ya harusi, moja ya mbwa. Ndiyo, mbwa. Mwenyewe alitaka kioo kisichong'aa ili macho ya mbwa yaonekane vizuri. Nikamwekea. Bibi harusi naye amepigwa picha akiwa amefumba macho na hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe. Sikusema kitu. Hawakunilipia maoni.

Miaka thelathini nilifundisha Jiografia. Sasa nafungia nyuso za watu kwenye mbao hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Angalau hizi nyuso hazinijibu.

Vumbi. Nafuta vioo asubuhi, kufika saa nne naweza kuandika somo juu yake kwa kidole.

Lemayian amepiga simu. Ndugu yangu hapigi simu bila haja. Anakuja keshokutwa na kitu cha Baba, "kitu ya maana sana", na nisimwambie mtu. Amerudia mara tatu. Nimwambie nani? Mbwa?

Jumatano, 5 Februari

Kitu cha maana ni ramani. Wameileta ndani ya bomba la maji. Bomba la plastiki, lile la kuingiza maji chooni. Karatasi yenye umri mkubwa kuliko babu zetu wote, imesukumwa humo kama mkeka. Nilitaka kumpiga mtu.

Lemayian hakuja peke yake. Alikuja na Askofu Elkana. Huyu ana kanisa la mabati pale Kajiado, na uaskofu alijivika mwenyewe mwaka juzi, Jumapili moja baada ya matangazo. Pete kama kifuniko cha soda. Lemayian ni mzee wa kanisa lake na humfungulia mlango wa gari.

Ramani naijua. Bwana Miwani alimwachia Baba aliporudi kwao ng'ambo. Bwana Miwani ndiye mmisionari aliyefungua shule kule nyumbani, na Baba alikuwa mkalimani wake miaka kumi na mmoja. Mzungu akihubiri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Baba anageuza kwa Kimaa. Utotoni ramani ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda na sisi hatukuruhusiwa kuigusa.

Nimeitandaza mezani. Imechongwa kwenye bamba la shaba, unaona alama ya bamba imezama pande zote nne. Rangi zimepakwa kwa mkono. Ni dunia ya kale na mataifa ya wana wa Nuhu. Watoto wa Shemu rangi ya waridi, wa Yafethi kijani, wa Hamu manjano. Pembeni Nuhu ameketi na wanawe watatu. Hamu amechorwa na uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Katikati ya Afrika kuna tembo, kwa sababu aliyechonga hakujua kitu kingine cha kuweka. Mtu hajatoka kijijini kwao, anagawa dunia nzima kama keki.

Askofu akaweka kidole chenye pete juu ya Afrika, upande wa kaskazini. Herufi kubwa, a na e zimeshikana: MASSÆI.

"Mwalimu, soma mwenyewe. Ni sisi hao. Tuko ndani ya Biblia!"

Sisi. Yeye alikuja Kajiado miaka minne iliyopita kutoka Nairobi na kipaza sauti.

Nikamwambia hapo ni karibu na Algeria. Akacheka, akanipiga begani. "Tulitembea, Mwalimu. Si hata ng'ombe hutembea?" Lemayian akacheka pia. Ndugu yangu wa damu.

Mpango wao ni huu. Jumapili tarehe 16 Baba atasimama mbele ya kanisa na kueleza jinsi alivyoliona jina letu kwenye ramani ya wazungu. Ramani itatundikwa ukutani nyuma ya mimbari. Fulana zimeshaagizwa. Lemayian atatafsiri, maana Baba alipopoteza macho aliacha na Kiswahili. Anakielewa chote, ila hakisemi. Anasema alikisema vya kutosha kwa ajili ya wengine.

Nimekubali kazi. Si kwa ajili yao. Nisipoichukua wataibandika kwa gundi ya viatu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimecheka peke yangu dukani mpaka jirani wa kuuza magodoro akaja kuchungulia.

Ramani ni ya uongo. Yaani ramani ni ya kweli, jina ndilo la uongo.

Nilikuwa naisafisha kwa brashi laini. Nikaona pwani ya kaskazini mwa Afrika inaruka. Inakuja vizuri kutoka magharibi, inafika mahali, inaruka kidogo, inaendelea chini zaidi. Hata mchoraji mjinga hachongi pwani hivyo. Nikaangalia mistari ya longitudo. Mmoja haupo. Nikachukua kioo cha kukuzia. Kuna mkunjo unaoshuka wima kutoka juu mpaka chini, mwembamba, upana wa kidole. Umebanwa kwa gundi, ukalainishwa, ukazeeka pamoja na karatasi. Mtu aliufanya kwa subira. Gundi ni ya kahawia, ngumu, ya mti wa mgunga. Tulikuwa tukiitafuna utotoni.

Nikainua kona moja kwa ncha ya wembe. Ndani ya mkunjo kuna herufi tatu. S, Y, L.

MASSÆSYLI. Kabila la kale la huko Numidia, ndiyo Algeria ya leo. Wapanda farasi. Hata ng'ombe sijui kama walikuwa nao.

Kwa hiyo Bwana Miwani alituchezea. Mtakatifu yule, na kofia yake na peremende zake. Alikunja karatasi, akamwonyesha mkalimani wake, na mkalimani wake akaamini miaka hamsini. Ndivyo walivyokuwa. Wanakuja kufundisha ukweli, halafu wakiona watu hawatoshei kwenye karatasi yao, wanakunja karatasi.

Na Askofu ataitundika. Na watu wazima watavaa fulana zenye jina lililokosa herufi tatu. Nikaanza kucheka tena.

Halafu nikamkumbuka Baba na kicheko kikaisha.

Jumapili, 9 Februari

Nimeenda Kajiado kumwona. Anaishi kwa Lemayian, nje kidogo ya mji. Nimemkuta ameketi kwenye kigoda ukutani, upande wa kivuli. Nikainamisha kichwa, akakitafuta kwa kiganja mpaka akakipata. "Takwenya, nakerai," akanisalimu kama mtoto wake mdogo. "Iko, Baba," nikaitikia. Nina miaka hamsini na minane na bado nainama. Ni mtu pekee duniani ninayemwinamia.

Amenyolewa. Mke wa Lemayian anasema aliomba mwenyewe, na kaomba shuka jipya pia. Mwaka mzima alikuwa hajaomba kitu. Sasa kila asubuhi anauliza zimebaki siku ngapi.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Nimewahi kuwaambia wazazi kwamba mtoto wao amefeli, sembuse hili. Nikaketi. Nikanywa chai.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Mkunjo umeuona?"

Nikashtuka. Nikasema nimeuona. Nikaanza, "Baba, kuna jambo kuhusu lile jina," akainua kiganja.

"Wewe ni fundi wa picha. Fundi akipewa karatasi yenye mkunjo anafanya nini?"

"Anainyosha."

"Basi inyoshe. Inyoshe vizuri."

Halafu akaniuliza kama mvua imenyesha Kitengela.

Hakuelewa. Anadhani ni kunyanzi tu, kama ya shati. Mzee wangu amekaa na uongo chini ya kitanda tangu ujana na anataka niupige pasi. Nikifanya anachoniambia, nitamvua nguo mbele ya watu. Watoto wa siku hizi wako na simu mkononi. Atasema "tuko hapa", na mtu atasoma herufi zote tisa kwa sauti.

Nimerudi nikiwa na hasira na kila mtu. Na marehemu Bwana Miwani zaidi ya wote.

Jumanne, 11 Februari

Askofu alipiga simu mara tatu. Anataka fremu ya dhahabu. Nikamwambia dhahabu sina, nina rangi. Akasema hiyo hiyo. Akasema pia juu ya fremu niandike "TAIFA TEULE". Nikakata simu. Nitasema mtandao ulikuwa mbaya.

Jioni Lemayian akaja na fulana moja ya mfano. Nyekundu. Kifuani MASSÆI, ila mchapishaji hakuwa na ile herufi iliyoshikana, akaweka a, akaweka nyota, akaweka e. Nimeishika kama panya aliyekufa.

Nikamwambia ukweli. Nikamwonyesha mkunjo, gundi, herufi tatu. Nilifikiri atakaa chini. Hakukaa. Alitazama kidogo tu, akatazama barabarani.

"Sasa si uiache tu vile iko? Nani atainua?"

"Nimeshainua mimi."

"Wewe ni wewe, Mwalimu. Wewe unainua kila kitu." Akaivuta fulana kutoka mkononi mwangu. "Huyu mzee ako na kitu moja ya kumfurahisha. Moja. Ukifungua hiyo kitu unamuua. Mimi ndio niko naye kule, si wewe."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli na ndiyo maana lilinikera.

Lemayian hajawahi kusoma kitu mpaka mwisho. Alitoroka shule darasa la sita, akarudi, akatoroka tena. Watu humpenda kwa sababu anakubali kila linalosemwa. Mimi hawanipendi, na sawa. Nilipelekwa bwenini nikiwa mdogo, wasichana kumi na mmoja na vitanda vyenye kunguni, nikasoma. Wenzangu wengi waliolewa kabla ya kumaliza. Mimi nilimaliza, kwa akili yangu mwenyewe. Hakuna aliyenibeba. Kwa hiyo mtu asiniambie nifumbe macho ili wengine wapige makofi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeufungua.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Sikufanya kwa ajili ya ukweli, wala kwa sababu Baba alisema. Nilifanya kwa sababu asubuhi Askofu alipita na gari, akashusha kioo, akaniita "fundi". Fundi, hiyo fremu imefika wapi. Nikaiona sura yake itakavyokuwa Jumapili, mdomo wazi, pete hewani, herufi tatu zikimkodolea macho. Nikaona tamu. Nikafunga mlango wa duka na kuweka maji kwenye jiko.

Baba nilimsukuma pembeni ya mawazo. Hivyo tu. Naandika ili nisije nikasema sikujua.

Kazi yenyewe ilichukua saa nyingi. Kitambaa chenye mvuke juu ya gundi, subiri, wembe wa mfupa, ule butu usiochana karatasi, subiri. Gundi ya mgunga inalainika ikijisikia, huwezi kuiharakisha. Ilipoachia ilitoa harufu ileile ya utotoni. Kisha karatasi nyeupe chini na juu, mbao mbili, vioo vinane vizito, na betri ya lori niliyoazima kwa jirani wa mbele.

Bahari imeungana. Longitudo iliyopotea imerudi mahali pake. MASSÆSYLI, herufi tisa, safi. Ndani ya mkunjo rangi haijapauka hata kidogo, ni manjano kama siku ilipopakwa. Nimeitazama kwa muda mrefu. Aliyechonga alikuwa mjinga wa dunia lakini mkono wake ulikuwa mzuri.

Mstari wa mkunjo haujatoka. Nimeukandamiza mchana kutwa na bado upo, mistari miwili, ukipitisha kidole unaisikia.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeipeleka Kajiado mwenyewe, imefungwa ndani ya shuka. Fremu ya mbao nyeusi. Dhahabu haikupatikana, bahati mbaya sana.

Askofu hakuifungua. Anataka ifunuliwe kesho, mbele ya watu, kama jiwe la msingi. Aliipapasa tu juu ya shuka na kusema haleluya. Mtu huyu hata zawadi yake mwenyewe haangalii.

Lemayian akanivuta kando. "Uliacha vile ilikuwa?" Nikamwambia nimefanya kazi ya fundi. Akapumua. Alisikia alichotaka kusikia, kama kawaida yake.

Nikapita kumwona Baba. Alikuwa amelala. Shuka jipya limetundikwa msumarini tayari.

Sina hamu ya kula.

Jumapili, 16 Februari

Sijaingia kanisani tangu mazishi ya mama. Leo nimeingia. Niliketi nyuma, karibu na mlango, mahali pa watu wanaotaka kutoroka.

Kanisa lilijaa. Fulana nyekundu mbele, kwaya nzima, nyota kifuani. Upande wa kushoto wazee na akina mama wa huku kwetu, mashuka na shanga. Upande wa kulia watu wa mjini, wa maduka na ofisi, ambao Kimaa chao kinaishia kwenye salamu. Askofu akahubiri saa nzima juu ya makabila yaliyopotea. Alichanganya Babeli na Bethlehemu. Hakuna aliyeshtuka.

Wakamleta Baba. Shuka jipya, fimbo, kichwa kinang'aa. Lemayian akamshika mkono mpaka kwenye kipaza sauti na kubaki hapo pembeni kutafsiri. Askofu akavuta shuka kwenye ramani.

Makofi. Vigelegele. Askofu mwenyewe hakugeuka kuitazama, alikuwa anatazama watu. Lemayian ndiye aliyegeuka. Niliona mabega yake yakishuka. Alisoma, mara ya kwanza maishani, mpaka mwisho.

Halafu msichana mmoja wa kwaya, kwenye mstari wa mbele, akasoma kwa sauti akifuata kwa kidole. Ma-ssa-e-sy-li. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akajitazama kifuani. Kicheko kidogo kikaanza pale mbele na kutembea.

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Sikuiona sura ya Askofu hata kidogo. Nilimwona Baba tu, mzee kipofu, amesimama anasikia watu wakicheka na hajui wanacheka nini. Mimi nimemfanyia hivi. Mimi, kwa wembe wa mfupa na betri ya lori.

Akainua fimbo. Wakanyamaza. Akasema sentensi moja kwa Kimaa. Upande wa kushoto ukatulia kabisa. Akamngoja Lemayian atafsiri. Lemayian akafungua mdomo, akafunga.

Baba akangoja kidogo. Kisha akaita jina langu, "Nasieku."

Akaita tena. Hakupaza sauti. Nikaenda. Sijui miguu ilinitoaje nyuma mpaka mbele. Nikasimama alipokuwa Lemayian. Baba akarudia sentensi yake na mimi nikaisema kwa Kiswahili kama mkalimani anavyosema, kwa "mimi" ya mwenye maneno, na kinywa kikaitoa kabla akili haijaielewa.

"Ramani hii ilikuwa na mkunjo. Niliukunja mimi."

Aliendelea kidogo kidogo, akikata mahali panapofaa. Ni mtu wa kazi hiyo. Hakunipa zaidi ya ninachoweza kubeba.

"Bwana Miwani alilitafuta jina letu kwenye ramani hii miaka miwili. Alikuwa na miwani, mimi nilikuwa na macho. Wakubwa wake walimwandikia kwamba shule ifungwe, ihamishiwe kwa wakulima. Watu hawa wanahamahama, walisema, na hawamo hata kwenye Kitabu. Akalia. Mtu mzima na ndevu zake, analilia karatasi. Nilimdharau."

Nikasema, nilimdharau. Neno lilikaa vizuri mdomoni mwangu kuliko nilivyopenda.

"Nikasema, huyu anataka jina, nitampa jina. Siku alipokwenda kuchukua barua zake nikachukua gundi ya mgunga, nikakunja herufi tatu. Aliporudi nikamwambia, tazama hapa, hujatazama vizuri. Akapiga magoti. Pale alipopigia magoti palikuwa na mavi ya ng'ombe. Sikumwambia."

Kicheko kilikuja mara mbili. Kwanza kushoto, kwa Baba, wazee wakipiga fimbo chini, mama mmoja akilia kwa kucheka. Halafu kulia, nilipomaliza kutafsiri. Hawakuwa wanamcheka. Walikuwa wanacheka naye. Alisimama katikati ya vicheko viwili kama mtu anayeota jua.

"Akaandika kwao. Akasema amewapata. Shule haikufungwa. Wakaleta mabati, wakajenga na bweni la wasichana. Hakuna mzee aliyetaka kupeleka binti. Nikapeleka wangu, wa kwanza."

Nikasema, "Nikapeleka binti yangu wa kwanza." Sauti ilikuwa yangu na binti alikuwa mimi. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Baba akageuza uso kuelekea nilipokuwa. Hakukosea hata kidogo. Akasema sentensi ndefu, hakuikata.

Alisema: nilikuwa nimengoja mtu aliyesoma aufungue mkunjo huu kabla sijafa. Sikutaka kumwambia, kwa sababu ukimwonyesha mtu si yeye aliyesoma. Ameuona mwenyewe. Nikamwambia aunyoshe na ameunyosha, hata alipodhani nitaaibika. Ana dharau kama zangu. Zilimfaa.

Upande wa kushoto hakuna aliyecheka. Upande wa kulia wakaniangalia, wakingoja. Mtu akasema, "Mwalimu, amesema nini?"

Miaka yote nimewasahihisha watu. Nimewarudishia wazazi barua zao na makosa yamepigwa wino mwekundu. Nikafungua mdomo kutafsiri neno kwa neno.

"Amesema asanteni," nikasema.

Amina, wakasema kulia. Kushoto mama mmoja akajifuta macho na pembe ya shuka.

Askofu akaninyang'anya kipaza sauti. Nikafikiri sasa, sasa ataaibika. "Ndugu zangu!" akapiga kelele. "Mungu anaweza kutumia hata mkunjo!" Wakapiga makofi. Kwaya ikaimba. Fulana ziligawiwa zote mlangoni. Mtu wa aina hii huwezi kumwaibisha, hana mahali pa kushikia aibu.

Lemayian ameniletea soda nje. Nimeinywa yote.

Jumatano, 19 Februari

Baba alikataa ramani ibaki kanisani. Imetundikwa chumbani kwake, juu ya sanduku la bati, kwa mtu asiyeona.

Nilienda baada ya chakula cha mchana. Nikainama, akanigusa kichwa. Tukakaa.

"Jumapili ulikunja," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Maneno mangapi?"

"Yote ya mwisho."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Hata mimi nilikuwa nakunja, akasema. Yule mzungu alikuwa anasema maneno mengi mno.

Kisha akaniomba nitoe kioo kwenye fremu. Nikamwambia ramani haikai bila kioo, hasa huku, na vumbi hili, mwaka hauishi itakuwa imeharibika. Nilimpa somo zima. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, toa.

Nimetoa. Nikaiweka fremu magotini mwake na kumshika kidole mpaka juu ya Afrika. Nikamsomea majina aliyoyataka, polepole, watoto wa Hamu. Kushi. Misri. Putu. Kanaani. Akaniuliza tembo bado yupo. Nikasema yupo. Alifika kwenye mstari wa mkunjo, akaufuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini, akarudi tena juu.

"Kule bwenini," akasema, "kitanda chako kilikuwa wapi? Sikuwahi kuingia mle."

Nikamwambia cha tatu kutoka mlangoni, chini ya dirisha. Akaitikia kwa kichwa. Mke wa Lemayian akaleta chai.